Kupima presha nyumbani bila kujidanganya: mwongozo kamili wa siku saba

Kila mazungumzo ya ugonjwa wa moyo yakianza, swali ni lile lile: "Juzi nilipima nikapata 152, jana 128, leo 141. Sasa nina presha au sina?"

Jibu ni kwamba hujui bado, na mashine yako nayo haijui. Presha hubadilika kila dakika. Hupanda ukikimbilia simu, hushuka ukilala, hupanda tena ukikumbuka deni. Namba moja ni picha ya sekunde chache tu. Kinachoharibu mishipa ni mzigo wa miezi na miaka, na mzigo huo huonekana kwenye wastani wa vipimo vingi vilivyochukuliwa kwa namna moja.

Wengi hukwama hapa. Hupima wakiumwa kichwa, au wakitoka kugombana na mtu. Wengine hupima mara nane mfululizo, wakaandika ile ndogo kuliko zote. Kazi ya mwongozo huu ni kukutoa kwenye namba mojamoja zinazokupandisha roho, ukafika kwenye wastani unaoweza kuusimamia mbele ya daktari. Baada ya hapo tutauweka wastani huo kando ya hatari nyingine za moyo, maana presha peke yake haimalizi habari.

## Kabla ya yote: lini usipime

Weka mashine chini na utafute huduma ya dharura mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu au mgandamizo kifuani usioisha, hasa unaosambaa kwenda mkono, taya, shingo au mgongo.
- Kukosa pumzi ghafla, au jasho la baridi pamoja na kichefuchefu.
- Upande mmoja wa uso kulegea, mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu, maneno kutotoka sawasawa, au macho kupoteza uwezo wa kuona ghafla.

Watu hupoteza dakika za thamani wakisubiri mashine iwaambie kama wanaumwa. Mshtuko wa moyo unaweza kumkuta mtu mwenye presha ya kawaida kabisa, kwa hiyo 124/78 kwenye kioo haimaanishi kifua chako ni salama. Usijiendeshe gari kwenda hospitali. Wanawake wajue pia kwamba kwao mshtuko wa moyo mara nyingi huja na uchovu mzito, kichefuchefu au kukosa pumzi, na maumivu ya kifua yakawa madogo kuliko wanavyotarajia.

Kama hakuna dalili hizo, endelea.

## Unachohitaji

- Mashine ya presha ya kielektroniki yenye mkanda wa kufunga kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko.
- Utepe wa kupimia, ule laini wa fundi cherehani.
- Kiti chenye egemeo la mgongo, na meza iliyo karibu nacho.
- Daftari na kalamu. Hata kama mashine yako ina kumbukumbu, andika.
- Betri mpya, au waya wa umeme wa mashine yenyewe.
- Siku saba mfululizo, dakika kama 10 asubuhi na 10 jioni.

Hicho cha mwisho ndicho kigumu kukipata.

## Hatua ya 1: Hakikisha mashine yenyewe si mwongo

Mashine za kufungwa kwenye kifundo cha mkono, pale inapokaa saa, ziache kama una njia nyingine. Usomaji wake huyumba sana kutegemea ulivyoushika mkono. Zile za kidole zisahau kabisa.

Mashine nzuri ni iliyopimwa usahihi wake kitaalamu kwa kulinganishwa na kipimo cha kuaminika. Zipo orodha za wazi za mashine zilizofaulu, mojawapo ni ya STRIDE BP, shirika la kimataifa la kukagua mashine za presha, na unaweza kutafuta humo jina na namba ya modeli yako. Kuandikwa "sahihi" kwenye boksi hakuhesabiki.

Kama mashine unayo tayari na huwezi kuithibitisha, ibebe siku unapokwenda kliniki. Mwombe mhudumu akupime kwa chombo chao, kisha ujipime kwa chako dakika chache baadaye ukiwa umekaa vilevile. Rudia mara mbili tatu. Tofauti ya namba chache ni ya kawaida. Zikiachana kwa 10 au zaidi kila mara, mashine hiyo isikuamulie chochote.

Tahadhari: mashine hizi hazisikilizi moyo. Huhisi mtikisiko wa damu ndani ya mkanda wakati hewa inapopungua, kisha hupiga hesabu. Ndiyo maana mtu ambaye moyo wake unadunda bila mpangilio anaweza kupata namba zinazorukaruka. Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo sawa zaidi ya mara moja, mweleze daktari bila kusubiri siku saba ziishe. Mjamzito naye anahitaji mashine iliyothibitishwa kwa wajawazito.

## Hatua ya 2: Pima mkono wako kabla ya kupima presha

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu. Tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Zungusha utepe hapo, mkono ukiwa umelegea, usome sentimita.

Sasa angalia mkanda. Umeandikwa unafaa mzunguko wa kiasi gani; mkanda wa kawaida wa watu wazima mara nyingi ni 22 hadi 32, na mkubwa ni 32 hadi 42. Mkono wako uwe ndani ya kipimo hicho.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha namba kwa uongo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa ambazo hazihitaji. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha, na mgonjwa akaambiwa ni mzima. Si dosari ya kupuuza.

Umefaulu ikiwa: mkanda ukifungwa, alama yake ya ukomo inaangukia ndani ya mistari iliyochorwa, na gundi yake ya kushikilia haifunguki hewa inapojaa.

## Hatua ya 3: Amua ni mkono upi

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Mkono uliotoa namba kubwa ndio utakaoutumia siku zote. Hapa watu huniuliza kwa nini wasichukue ule wenye namba nzuri. Kwa sababu tunatafuta presha iliyomo mwilini, na mkono wenye namba ndogo unaweza kuwa na mshipa uliobanwa njiani.

Tofauti ya namba chache haina neno. Mikono ikizidi kuachana kwa 15 au zaidi kwenye namba ya juu, tena kila ukipima, hiyo ni taarifa ya kumpelekea daktari: inaweza kuwa dalili ya ateri iliyosinyaa.

Usitumie mkono ulio upande uliotolewa tezi za kwapani wakati wa matibabu ya saratani ya titi, wala mkono uliotengenezewa njia ya kusafishia damu kwa wagonjwa wa figo, mpaka daktari akuruhusu.

## Hatua ya 4: Nusu saa kabla

Kwa dakika 30 kabla ya kupima usivute sigara, usinywe kahawa, chai ya rangi wala kinywaji cha kuongeza nguvu, na usifanye mazoezi. Vyote hivi hubana mishipa au huharakisha moyo kwa muda.

Nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa huipandisha presha, na huyu ni mdanganyifu asiyeshukiwa.

Asubuhi pima kabla ya kula na kabla ya kumeza dawa za presha, kama unazitumia. Tunataka kujua dozi ya jana inakufikisha wapi. Ukipima dawa ikiwa imepamba moto, utaona upande mzuri tu wa siku.

## Hatua ya 5: Kaa

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu makosa mengi zaidi yamo kwenye namna ya kukaa kuliko kwenye mashine.

Siku moja nilijipima nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu juu ya mguu, mkanda juu ya sweta, simu sikioni namsikiliza mtu. Mashine ikasoma 151/94. Nikakata simu, nikavua sweta, nikahamia kwenye kiti, nikatulia dakika tano bila kufanya kitu. Ikasoma 129/82. Mwili ulikuwa ule ule, haukumeza kidonge, na zilipita dakika kama 10 tu. Tangu siku ile mtu akiniambia "imenisomea 150," swali langu la kwanza ni alikuwa amekaaje.

Basi kaa hivi:

Mgongo uegemee kiti. Ukikaa bila egemeo, misuli ya kiwiliwili hufanya kazi kukusimamisha na presha hupanda.

Nyayo zote mbili chini, bapa. Usikunje nne. Kukunja miguu husukuma damu ya miguuni kurudi juu na kuongeza namba kadhaa kwenye kipimo.

Mkono ulale mezani, kiganja kikiangalia juu, kimelegea. Katikati ya mkanda pawe usawa wa moyo, yaani karibu na katikati ya mfupa wa kifua. Meza ikiwa fupi, weka mto au vitabu chini ya mkono. Kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza kama 7 au 8 kwenye namba. Mkono ukining'inia ubavuni unaweza kukugeuza mgonjwa. Ukiuinua juu ya moyo, kosa linageuka upande wa pili. Mkono pia ushikiliwe na meza: ukiubeba mwenyewe hewani, misuli inajikaza.

Mdomo ufungwe. Usizungumze, wala usisikilize mtu anayekuzungumzisha. Simu iwe chumba kingine au imegeuzwa kifudifudi.

Tulia hivyo dakika tano nzima, kwa saa. Dakika tano za kukaa kimya ni ndefu kuliko unavyodhani. Wengi hufika mbili wakabonyeza. Usibonyeze.

Umefaulu ikiwa: unapumua taratibu, mabega yameshuka, na ungeweza kusinzia hapo ulipo.

## Hatua ya 6: Funga mkanda, bonyeza, usiguse kitu

Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mkono wa shati ukiukunja hadi begani na ukawa unabana, vua kabisa, maana ile nguo iliyojikunja nayo ni mkanda wa pili. Funga mkanda kabla hujaanza zile dakika tano, ili usije ukahangaika nao mwishoni.

Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Mpira wa hewa ushuke upande wa ndani wa mkono, na ile alama ya mshipa iliyochorwa kwenye mkanda ielekee kwenye ateri. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila shida. Vikipita vitatu, umelegea.

Bonyeza. Usikaze ngumi, usiangalie namba zinavyopanda. Kuziangalia tu huwatia wengine wasiwasi.

Kikiisha kipimo cha kwanza, andika namba zote tatu: ya juu, ya chini na mapigo ya moyo. Subiri dakika moja bila kuinuka, pima cha pili, andika. Ukimaliza vipimo viwili, fungua mkanda uondoke.

Tahadhari: usipime cha tatu, cha nne na cha tano kwa kuwa hukupenda vile viwili. Kila ukirudia kwa hofu, unapima hofu. Kipimo cha tatu kina nafasi yake pale tu mashine ilipotoa alama ya kosa, ulipojitikisa, au daktari aliposema mapigo yako hayana mpangilio na anataka vipimo vitatu kila mara.

## Hatua ya 7: Siku saba, hakuna kuchagua

Asubuhi vipimo viwili, jioni vipimo viwili, saa zile zile kila siku. Baada ya siku saba utakuwa na vipimo 28.

Andika vyote. Kile kibaya kiandike, na kile kizuri kiandike. Kando ya namba weka neno moja la maelezo ukiwa nalo: "sikulala", "nimesahau dawa", "mafua". Neno hilo huenda likamsaidia daktari kuliko namba yenyewe.

Baadhi ya dawa hupandisha presha kimyakimya, na watu hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa: za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, za kuzibua pua wakati wa mafua, na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ziandike. Usiache ulichoandikiwa na daktari bila kumuuliza.

Ukikosa siku moja, usianze upya wala usibuni namba. Siku tatu zenye vipimo 12 halali bado zina maana.

## Hatua ya 8: Piga hesabu

Futa siku ya kwanza yote. Siku hiyo mwili unaizoea mashine, na namba huwa juu kuliko kawaida. Baki na siku sita, vipimo 24. Jumlisha namba zote za juu, gawanya kwa 24. Fanya hivyo hivyo kwa namba za chini.

Tuchukue mfano. Siku ya pili mtu amepata asubuhi 138/86 na 134/84, jioni 132/82 na 128/80. Namba za juu jumla ni 532, gawanya kwa 4, ni 133. Za chini jumla ni 332, gawanya kwa 4, ni 83. Wastani wa siku hiyo ni 133/83. Akafanya hivyo kila siku, daftari likawa hivi:

| Siku | Wastani |
|---|---|
| 1 (imefutwa) | 149/93 |
| 2 | 133/83 |
| 3 | 136/85 |
| 4 | 131/82 |
| 5 | 138/86 |
| 6 | 134/84 |
| 7 | 132/84 |

Siku sita za mwisho zinatoa 134/84. Asingeifuta ile siku ya kwanza, angepata 136/85. Tofauti ni ndogo machoni, lakini utaona sasa hivi kwamba mstari unapita katikati yake.

## Hatua ya 9: Soma wastani wako

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu iliyobaki kwenye mishipa moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki.

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya kupanda. Hiyo ni sawa na 140/90 ya kliniki. Nyumbani kiwango kiko chini kwa sababu nyumbani watu wametulia. Miongozo ya Marekani tangu 2017 ni mikali zaidi na huanzia 130/80. Kwa hiyo usishangae madaktari wawili wakakupa majina mawili kwa namba moja.

Inatosha namba moja kuvuka. Mtu mwenye 142/78 ana presha ya kupanda hata kama ya chini inapendeza, na hali hiyo ni ya kawaida kwa wazee ambao mishipa yao imekakamaa.

Yule mwenye 134/84 hajavuka, ila yuko mlangoni. Mimi nisingemwambia "uko sawa, nenda". Hatari ya moyo haianzi ghafla kwenye 135. Uchunguzi mkubwa uliokusanya takwimu za tafiti nyingi na kuchapishwa 2002 ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115/75, kila ongezeko la 20 kwenye namba ya juu au 10 kwenye ya chini liliendana na kuongezeka mara mbili kwa hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au kiharusi. Mstari wa 135/85 umechorwa na watu ili waweze kuamua matibabu. Mshipa hauujui.

Kuna makundi mawili ambayo siku saba huyafichua. Wapo ambao kliniki husoma 155 na nyumbani 122. Wakiona koti jeupe la daktari tu presha inapanda. Na wapo kinyume chake, kliniki 128 na nyumbani 143. Hawa wa pili wako pabaya zaidi, kwa sababu kila mtu amewaambia ni wazima.

Zikifika 180/120 au zaidi na una dalili yoyote kati ya zile za mwanzo, nenda hospitali sasa hivi bila kupima tena. Kama huna dalili, tulia dakika tano, pima tena. Zikibaki hapo bila dalili, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo, na usijiongezee dozi wala kumeza dawa ya jirani. Kuishusha presha kwa pupa nako kunaweza kuunyima ubongo damu.

Kwa mjamzito: 140/90 haisubiri siku saba. Apigiwe mtoa huduma siku hiyo. Ikifika 160/110, au akiwa na maumivu makali ya kichwa, kuona maruerue au maumivu ya tumbo upande wa juu, ni dharura.

Kwa namba za chini: 88/56 kwa mtu asiye na dalili mara nyingi si ugonjwa. Akiwa anapata kizunguzungu akisimama, au anatumia dawa za presha, aonane na daktari.

Na kuhusu kichwa kuuma: watu wengi wenye presha ya kupanda hawasikii chochote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili hawajui kama wanalo. Anayesubiri kichwa kimwambie atasubiri mpaka kiharusi kimwambie.

## Hatua ya 10: Weka presha kando ya hatari nyingine

Presha kali huchubua utando wa ndani wa ateri. Penye mchubuko, lehemu (kolesteroli) mbaya hupenya na kujikusanya, ukuta ukavimba na njia ikawa nyembamba. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake. Mgando ukiziba mshipa unaolisha moyo, misuli ya moyo huanza kufa. Ukiziba wa kwenye ubongo, ni kiharusi.

Ukiufuata mlolongo huo utaona kwa nini namba moja haitoshi. Sigara nayo huchubua ukuta. Sukari ya juu huchubua. Lehemu ikiwa nyingi, malighafi ya uvimbe imejaa. Mtu mwenye 138/88 anayevuta sigara na ana kisukari anaweza kuwa karibu na mshtuko wa moyo kuliko mwenye 148/90 asiye na vyote hivyo.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andika:

1. Umri na jinsia. Hatari hupanda na umri. Kwa wanawake huongeza kasi baada ya hedhi kukoma.
2. Tumbaku. Ndiyo au hapana. "Kidogo tu" ni ndiyo. Habari njema ni kwamba hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua kama kwa nusu ndani ya mwaka mmoja wa kuacha.
3. Sukari. Kipimo cha kufunga, kabla ya kula, cha 7.0 mmol/L au zaidi kikithibitishwa ni kisukari.
4. Lehemu. Uliza hasa ile mbaya, LDL. Huwezi kuihisi wala kuikisia kwa kumtazama mtu, wembamba wanayo.
5. Kiuno. Tumia ule ule utepe wa fundi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, mafuta ya tumboni yameanza kuwa mzigo.
6. Ukoo. Baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65.
7. Figo, kama uliwahi kuambiwa zina tatizo.

Ukiwa na miaka kati ya 40 na 74, daktari anaweza kuingiza taarifa hizi kwenye chati za hatari zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Chati hukupa asilimia ya uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Ipo pia ya kutumia pasipo maabara, ambayo badala ya lehemu na sukari hutumia uwiano wa uzito na urefu. Mwulize moja kwa moja: "Hatari yangu ya miaka 10 ni asilimia ngapi?" Swali hilo hubadilisha mazungumzo, kwa sababu 5 na 25 hazitibiwi kwa namna moja.

## Hatua ya 11: Nenda na daftari, urudi na mpango

Peleka wastani, orodha ya dawa zako zote na ule ukurasa wa mwisho. Usipeleke namba mbaya moja kwenye simu.

Ukiandikiwa dawa, zifuate. Kosa linaloniumiza kuliko yote ni la mtu anayepata 124/78 akitumia dawa, akasema "nimepona", akaacha. Hiyo 124/78 ni kazi ya dawa. Ukiiondoa, ndani ya siku au wiki chache presha hurudi ilikokuwa, na huwezi kuisikia ikirudi.

Mambo yanayoshusha presha bila dawa yanajulikana na si mengi: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye vyakula vya viwandani, mwendo wa kutosha kuongeza pumzi dakika 150 kwa wiki, kupunguza uzito uliozidi, na kupunguza pombe au kuiacha. Anza na moja. Daktari asipokupangia vingine, rudia zoezi la siku saba wiki nne hivi baadaye, kwa mkono ule ule na kiti kile kile, ndipo utajua kama hilo moja limefanya kazi.

Kati ya zoezi na zoezi, toa betri, kunja mkanda bila kuuvunja mpira, na mashine iwekwe mbali na kitanda. Ikikaa kando ya mto, utajipima saa nane za usiku.